Sanaa ya Kikristo nchini China: iliyochipuka na iliyoamriwa

Mwaka mpya wa Kichina unapokaribia, familia nyingi vijijini hubandika mlangoni karatasi nyekundu: mbili ndefu kulia na kushoto, moja fupi juu. Kwa kawaida huandikwa maneno ya kuombea mali, watoto na mavuno. Kwa Wakristo karatasi ni zilezile na wekundu ni uleule, ila juu ya mlango utakuta "Imanueli", na pembeni mistari ya kushukuru neema, pengine na msalaba. Kuitunga si kazi ya mchezo. Mistari miwili ya pembeni sharti ilingane kwa idadi ya herufi, nomino ikabiliane na nomino, kitenzi na kitenzi, hata sauti za kupanda na kushuka zipokezane. Malenga wetu, anayekesha akitafuta vina na mizani, angemwelewa mara moja mtunzi wake.

Wengi wetu hudhani Ukristo wa China uliletwa na wamisionari wa juzi tu. Sivyo. Katika makumbusho ya Beilin, mjini Xi'an, lipo jiwe lililosimamishwa mwaka 781, linalosimulia jinsi mmisionari Alopen alivyofika na maandiko mwaka 635 na kupokewa vyema na mfalme Taizong. Juu yake umechongwa msalaba unaochomoza kutoka kwenye ua la yungiyungi, ua wanalolienzi Wabudha. Mchongaji alitumia lugha ya macho ambayo jirani zake waliijua tayari.

Karne ya 20 kazi hiyo ilirudi. Askofu mkuu Celso Costantini, mjumbe wa Papa nchini China kuanzia 1922, hakupendezwa na makanisa yaliyoigwa kutoka Ulaya. Alimtia moyo Chen Yuandu, mchoraji ambaye hakuwa Mkristo, achore habari za Injili kwa mtindo wa Kichina. Chen alichora Maria na Mwanawe katika mavazi na mandhari ya nyumbani kwake; mwaka 1932 akabatizwa kwa jina la Luka, ambaye kwa mapokeo ndiye msimamizi wa wachoraji.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, 1966, kampeni ya kiongozi wa China, Mao, dhidi ya mila na dini za kale, na makanisa yakafungwa. Mchoraji He Qi, mzaliwa wa Nanjing, amesimulia kwamba ujanani mchana alichora picha za Mao, usiku akinakili Bikira Maria wa Raphael, mchoraji wa kale wa Italia. Makanisa yalianza kufunguliwa tena 1979, naye akaja kujulikana kwa picha za Biblia zenye rangi kali na mistari minene, zinazokaribiana na sanaa za kijijini.

Serikali ilitangaza mwaka 2018 kwamba Waprotestanti ni milioni 38 na Wakatoliki milioni 6 hivi. Waumini wengi wa makanisa ya nyumbani, yasiyosajiliwa, ni vigumu kuwahesabu. Mwaka huohuo makanisa ya Kiprotestanti yaliyosajiliwa yalizindua mpango wa miaka mitano wa kuufanya Ukristo uwe wa Kichina, ikiwemo katika ujenzi, nyimbo na uchoraji. Kwa maandishi tu, Chen angeufurahia. Lakini ulikuja baada ya kampeni ya serikali ya 2014 hadi 2016 mkoani Zhejiang, ambako misalaba zaidi ya 1,000 iliondolewa juu ya majengo ya makanisa. Siwabezi wachungaji wa makanisa yaliyosajiliwa. Wapo wanaoupenda kwa dhati mtindo wa kwao. Ila mimi naona mtindo wa Kichina ulioamriwa hauwezi kupimwa sawa na ule wa karatasi za mlangoni, ambazo mwenye nyumba hubandika kwa hiari yake.

Na tusiishie kwenye picha. Lü Xiaomin, binti wa wakulima wa Henan, alianza kutunga nyimbo za ibada mwaka 1990, na leo zimezidi 1,000. Zimeenea hasa katika makanisa ya nyumbani, na moja inayopendwa sana huzungumzia Wakristo wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kuiombea nchi yao. Muziki hakuusomea. Yeye aliimba, wenzake wakamwandikia noti.