Nyuma ya Mfumaji Hakuna Anga: Jinsi Ninavyosoma Michoro ya Wanavajo

Kila ninapowaonyesha watu michoro ya miaka ya 1930 na 1940 ya maisha ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, huulizwa kwa nini nyuma ya watu na mifugo pako patupu, hapana anga wala kivuli. Wengi hudhani kwamba mchoraji hakujua kuonyesha umbali, lakini mtindo huo ulifundishwa darasani, katika studio iliyoanzishwa na mwalimu wa sanaa Dorothy Dunn mwaka 1932 kwenye shule ya serikali ya watoto wa wenyeji wa asili huko Santa Fe, New Mexico. Dunn alihimiza rangi bapa na mistari safi, akiamini kwamba hiyo ndiyo sanaa yao halisi. Kwangu mimi, ni ajabu kidogo mgeni kumwamulia mwenyeji kilicho chake.

Wanafunzi walijaza utupu huo kwa ujuzi wa nyumbani. Michoro iliyotayarishwa kwa mchanga wa rangi katika ibada za uponyaji ni mitakatifu na hufutwa ibada inapokwisha, ilhali kufuma na kuchunga hakukuwa na mwiko wa namna hiyo. Harrison Begay, mmoja wa wanafunzi hao, ambaye utotoni alichunga kondoo Arizona, alirudia mada hizo maisha yake yote. Katika michoro ya wafumaji, mwanamke huketi chini mbele ya kitanda cha mfumi kilichosimama wima, amevaa blauzi ya mahameli na mapambo ya fedha na feruzi, nywele zimefungwa kisogoni kwa uzi wa sufu. Kwa kuwa zulia hufumwa kuanzia chini kwenda juu, anayejua mtande na mshindio, yaani nyuzi za wima na za mlalo, ataona mara moja kazi imefika wapi.

Mifugo nayo huchorwa imetulia, na hapo tarehe ina uzito. Katika miaka hiyohiyo ya 1930, serikali ya Marekani, ikidai kwamba malisho yamezidiwa na udongo unamomonyoka, ililazimisha mifugo ya Wanavajo ipunguzwe, na kondoo na mbuzi wengi wakauawa papo hapo malishoni. Siwezi kulitazama kundi lililochorwa wakati huo kama pambo tu.

Hogani, nyumba ya jadi ya Wanavajo, inapokuwamo, mimi huutafuta mlango kwanza. Kwa desturi huelekea mashariki, kwa hiyo hata pasipo jua wala mlima, mfumaji anakuwa na upande anaoutazama.