Uzito wa Doom Metal Hautoki Kwenye Besi

Nimeletewa tena, safari hii na vijana wenye vipaji kwelikweli, rekodi ambayo besi yake imefunguliwa mpaka subufa inakohoa, pamoja na ombi lilelile: "Fundi, ongeza besi kidogo, tunataka uzito wa doom metal," yaani ule muziki wa roki mzito unaokwenda polepole. Kwa kuwa nimechoka kulieleza jambo hili studio huku saa za kukodi zikikimbia, naliandika hapa ili atakayefuata nimtumie kiungo.

Wote wanaoomba hivyo hunitajia Black Sabbath, bendi ya Kiingereza inayohesabiwa kuwa chimbuko la muziki huo, nami hushangaa, kwa sababu hakuna ushahidi unaowakana kuliko bendi hiyohiyo. Albamu yao ya kwanza, iliyorekodiwa London mwezi Oktoba 1969 na kutolewa Februari 1970, ilipigwa kwa gita ambalo nyuzi zake zilikazwa kwa kipimo cha kawaida, uzi mnene kabisa ukiwa kwenye E ya 82 Hz (mitetemo 82 kwa sekunde) kama gita la kwaya yoyote. Tony Iommi, mpiga gita wao, aliyepoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia katika ajali ya kiwandani Birmingham, alitumia nyuzi nyembamba kwa sababu zilizo nene zilimtesa. Kati ya gita na amplifaya yake ya Laney aliweka kiboksi kiitwacho Rangemaster, ambacho kazi yake ni kupandisha trebo, yaani sauti za juu, na kupunguza besi. Naomba sentensi hiyo isomwe tena kabla ya mtu kunigusia miksa.

Sababu yenyewe si muujiza. Amplifaya inaposukumwa kupita uwezo wake, sauti hukwaruza, na amplifaya haikuzi tu kile inachopewa, bali huzalisha masafa mapya: maradufu ya kila noti, pamoja na jumla na tofauti za noti zinazopigwa kwa pamoja. Ukipiga G ya 98 Hz pamoja na D iliyo juu yake, yenye takriban 147 Hz, tofauti yao ni kama 49 Hz, yaani G ya oktavu moja chini, ambayo hakuna uzi wa gita hilo unaoifikia. Sauti hiyo nzito imezaliwa ndani ya mkwaruzo wenyewe. Lakini ukiingiza besi nyingi kabla ya mkwaruzo, jumla na tofauti zinazozaliwa huwa nyingi na hazisikilizani, na gita zima linageuka uji. Ndiyo maana besi hupunguzwa kwanza, kisha amplifaya ikaachwa ijijengee yake. Sikio nalo lina ujanja wake: likipata 139, 208 na 277 Hz, ambazo ni takriban mara mbili, tatu na nne ya 69, hukamilisha lenyewe 69 Hz ambayo spika ya simu haiwezi kabisa kuitoa, na kwa hiyo rifu (kile kipande kifupi cha gita kinachorudiwarudiwa) nzuri hubaki nzito hata kwenye simu ya bei nafuu.

Hapo huja hoja ya kulegeza nyuzi. Ni kweli kwamba mwaka 1971, katika *Master of Reality*, Iommi alishusha nyuzi kwa nusu toni tatu katika nyimbo kadhaa, E ikawa C-shapu ya 69 Hz, na bendi nyingi za doom zimemfuata na kumpita. Maelezo ya kawaida ni kwamba masafa yameshuka, basi uzito umeongezeka. Mimi sina uhakika huo. Uzi uliolegea ukicharazwa kwa nguvu hupanda kidogo kuliko noti yake, kisha hutulia mahali pake, na nashuku kwamba masikio yetu hupokea zaidi kushuka huko, kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, kuliko idadi ya Hz. Wala siwezi kukataa kwamba huenda ni mazoea: tumesikia rifu nyingi nzito zikipigwa hivyo, sasa tunausikia uzito kabla haujafika.

Jambo linaloniudhi zaidi, hata hivyo, ni kwamba hakuna anayeniuliza kuhusu muda. Chukueni rifu inayofungua albamu ile ya kwanza. Ina noti tatu: G, kisha G ya oktavu moja juu, kisha C-shapu, ambayo iko nusu toni sita kutoka kila upande na kwa hiyo haielekei popote. Noti hiyo ya tatu huachwa ikining'inia. Bill Ward, mpiga dramu wao, ambaye mkono wake ulilelewa na jazi, haijazi nafasi ile kwa mapigo mfululizo, naye Geezer Butler wa gita la besi, badala ya kunguruma peke yake huko chini, anaifuata rifu. Msikilizaji anabaki akingoja pigo linalokuja, na pigo hilo linachelewa kuliko mwili unavyotaka. Wimbo *Dopesmoker* wa bendi ya Sleep umeishi katika hali hiyo kwa zaidi ya saa moja. Vijana wangu, kwa upande wao, wamecheza polepole lakini mpiga dramu amejaza kila upenyo kwa roli, na prodyuza wao akamalizia kwa kompresa, kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo, iliyokazwa mpaka mkia wa kila noti umepanda sawa na kichwa chake. Kimya kimefutwa, halafu mnanidai uzito!

Jukwaani mambo hubadilika kiasi, kwa kuwa spika kubwa hutikisa kifua, na siwezi kudai kwamba sehemu hiyo inaingia kwenye rekodi kwa hila yoyote ninayoijua.

Kwa hiyo atakayekuja na ombi hilo, nitamfungulia gita peke yake na kukata sehemu kubwa ya kilicho chini ya 100 Hz, naye atalalamika, kisha nitaingiza gita la besi na dramu la mguu, ambavyo ndivyo vyenye haki ya kukaa huko chini. Mpiga dramu aje akiwa amefanya mazoezi ya kungoja.