Sekunde 40: futiboli ya Kimarekani inapomnasia mtu

Kila Ijumaa jioni, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba, huvaa shati langu la mistari myeusi na myeupe, nikachomeka kitambaa cha njano kiunoni na kwenda kuchezesha mechi ya futiboli ya shule za sekondari hapa Ohio. Kazi inayolipa kodi ya nyumba ni nyingine. Hii ya Ijumaa ninaifanya mwaka wa tisa sasa, na ndiyo inayowashangaza ndugu zangu. "Yaani wewe ndiye refa wa ule mchezo wa kuangushana?" Ndiyo, ule ule.

Swali ninaloulizwa zaidi halihusu sheria. Watu wanataka kujua Wamarekani wameupendea nini mchezo huu. Unachezwa sekunde tano, unasimama. Wachezaji wananong'onezana, watu wa mnyororo wa kupimia yadi wanaingia kupima, yanakuja matangazo ya bia, tunarudi, unachezwa sekunde tano tena. Kwa mtu aliyekulia kwenye soka, hii ni foleni ya benki yenye kofia ngumu. Mimi mwenyewe niliiona hivyo kwa miaka miwili. Leo nikiulizwa, jibu langu ni moja: wanaupendea pale pale unaposimama.

Nilinasia kwenye jukwaa la mbao la mji mdogo, Ijumaa ya baridi kali. Rafiki yangu wa kazini alinipeleka, kisha akaenda kununua kahawa akapotelea huko. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja aliyejifunika blanketi. Aliniona natetemeka, akanisogezea upande mmoja wa blanketi bila kuniuliza jina, na kila mchezo uliposimama akawa ananiambia jambo moja. Moja tu. "Usiutazame mpira, tazama miguu ya wale wakubwa wa katikati." Sekunde tano. "Umeona yule amerudi nyuma? Ameshajua." Sekunde tano. Kufikia robo ya tatu nikajikuta nasema kwa sauti, "Sasa watarusha." Akanigeukia: kwa nini? Nikamwambia ni jaribio la tatu na bado yadi nane, wakikimbia hawafiki. Akacheka akanipiga kofi la mgongo. Kweli wakarusha. Mpira ulianguka chini bila mtu kuudaka. Aliyedakwa usiku ule ni mimi.

Tuweke hesabu mezani. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, inahesabiwa upya. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kati ya jaribio na jaribio kuna saa inayohesabu sekunde 40. Mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal lilipima matangazo ya mechi za ligi kuu, NFL, likakuta kwamba katika kipindi kinachozidi saa tatu, mpira wenyewe huwa unachezwa kwa takriban dakika 11. Wengi huitaja takwimu hiyo kwa dhihaka. Mimi huigeuza: hizo ni zaidi ya saa mbili za watu wawili kukaa bega kwa bega, wakibishana kuhusu kitakachofuata. Kwenye soka ukimfundisha mtoto sheria ya kuotea, wakati unaeleza bao limeshafungwa. Futiboli inakungoja umalize sentensi.

Na kusimama huku hakukushuka na mvua. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilichezwa New Brunswick, New Jersey, tarehe 6 Novemba 1869, chuo cha Rutgers dhidi ya chuo cha Princeton. Watu 25 kila upande, mpira wa duara, marufuku kukimbia nao mkononi. Rutgers walishinda 6 kwa 4, na ukiisoma habari yake leo utasema ni soka lenye vurugu. Mwaka 1874 wanafunzi wa McGill walitoka Montreal wakaja Harvard na sheria za raga, wenyeji wakazipenda, na vyuo vya mashariki vikafuata njia hiyo. Lakini raga ilikuwa na lile rundo lake: mpira unaingizwa katikati ya watu, wanausukumasukuma kwa miguu, na hakuna ajuaye utatokea upande gani.

Walter Camp, mchezaji wa chuo cha Yale, hakuipenda bahati nasibu hiyo. Mwaka 1880 aliwashawishi wenzake kwenye kikao cha sheria kwamba timu moja iwe na mpira kihalali, ianze nao kwenye mstari unaojulikana, na wapinzani wasubiri upande wao. Wachezaji wakapunguzwa kutoka 15 hadi 11. Mchezo ukawa umepata pumzi.

Pumzi hiyo ilitumiwa vibaya papo hapo. Mwaka 1881 Princeton waliukalia mpira karibu kipindi kizima, Yale wakaukalia kipindi kilichofuata, na mechi ikaisha 0-0 huku watazamaji wamenuna. Hapo Camp akaleta dawa ya pili, mwaka 1882: majaribio matatu ya kusogea yadi 5, ukishindwa uachie mpira. Ili waamuzi waweze kupima, uwanja ukachorwa mistari kila baada ya yadi 5. Kwa mbali ukafanana na wavu wa kuchomea nyama, na Wamarekani wakaupachika jina la wavu huo, gridiron, ambalo halijatoka hadi leo. Yadi 10 zilikuja 1906, jaribio la nne likaja 1912.

Wanahistoria wengi husherehekea 1869. Mimi, kama mtu wa kupima yadi, naona mwaka wa kuutazama ni 1882. Kabla ya hapo aliyekaa jukwaani alikuwa na kitu cha kutazama tu. Baada ya hapo akapata kitu cha kukisia. Mkulima asiyewahi kugusa mpira angeweza kukisia sawa na kocha, na pengine akapatia.

Kuna nyongeza moja ninayoipenda kupita kiasi. Mnamo 1894 timu ya Gallaudet, chuo cha viziwi kilichopo Washington, ilikuwa ikipanga mbinu kwa lugha ya ishara. Tatizo ni kwamba wapinzani wao viziwi walikuwa wanaisoma ile mikono. Kiongozi wa mashambulizi, Paul Hubbard, akawakusanya wenzake wakafanya duara, migongo nje, mikono ndani. Duara hilo unaloliona leo kwenye kila mechi, ambalo wageni hudhani ni maombi, kwa kawaida husimuliwa kuwa limetoka kwao. Siri inayopangwa mbele ya macho ya maelfu ya watu! Nani asingetaka kujua wanasema nini?

Nisiupake mchezo asali. Kuna kusimama kwa namna nyingine, pale ninapopuliza kipyenga kwa sababu kijana hajainuka. Wachezaji wa timu zote mbili hupiga goti moja, jukwaa lote linakuwa kimya, na unasikia viatu vya daktari wa timu vikikimbia kwenye nyasi. Mwaka 1905 gazeti la Chicago Tribune lilihesabu vifo 18 vya wachezaji msimu mmoja. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton, na mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa, ikaruhusiwa pasi ya mbele, yaani kuurusha mpira mbele kwa mkono, ili watu waache kurundikana na kupondana. Vifo havikuisha, na majeraha ya ubongo tunayoyajua sasa yanatosha kumfanya mzazi yeyote afikirie mara mbili. Mimi nafikiria kila Ijumaa. Ila pasi hiyo ilifungua uwanja, na maswali ya mtazamaji yakaongezeka: watakimbia au watarusha? Wakirusha, kwa nani?

Redio iliupenda mchezo huu kwa sababu ileile. George Richards, mwenye kituo cha redio, aliinunua timu ya Portsmouth, mji wa huku kwetu Ohio, akaihamishia Detroit mwaka 1934 na kuiita Lions. Ili watu waijue, akapanga mechi Siku ya Shukrani, sikukuu ya Wamarekani ya kula pamoja kifamilia, dhidi ya Chicago Bears, ikatangazwa na vituo 94 vya mtandao wa NBC. Lions walifungwa 19-16, ila familia zilizokuwa zimekaa mezani na bata mzinga wao zilikuwa zimesikiliza pamoja. Ukiondoa miaka michache, hasa ya vita, Detroit wamecheza siku hiyo hadi leo. Muulize Mmarekani aliupendaje mchezo huu: mara nyingi jibu lake litakuwa na harufu ya chakula na jina la babu.

Kisha televisheni. Tarehe 28 Desemba 1958, Baltimore Colts na New York Giants walifungana sare kwenye fainali ya NFL, wakaingia muda wa ziada uwanjani Yankee Stadium, huku watu wanaokadiriwa milioni 45 wakitazama. Katikati ya muda huo wa ziada picha ikakatika kwa watazamaji. Ghafla mtu mmoja akaingia uwanjani mbio, walinzi wakamkimbiza, mchezo ukasimama, na waliposhika kasi tena picha ilikuwa imerudi. Hadi leo husimuliwa kwamba alikuwa mfanyakazi wa kituo kilichokuwa kikiirusha mechi. Colts walishinda 23-17. Kama refa ningemfukuza. Kama mpenzi wa mchezo, nampa mkono.

Tarehe 7 Desemba 1963 ndiyo ninayowasimulia waamuzi wapya. Ilikuwa timu ya chuo cha Jeshi la Nchi Kavu dhidi ya ile ya chuo cha Jeshi la Majini, mjini Philadelphia. Mwongozaji wa matangazo wa kituo cha televisheni cha CBS, Tony Verna, alikuwa na mashine ya kanda yenye uzito wa zaidi ya nusu tani, na wazo lililomkosesha usingizi: kwa nini zile sekunde za kusimama zibaki tupu? Mchana kutwa mashine ilimgomea. Mwishoni Rollie Stichweh wa Nchi Kavu akafunga, na Verna akafaulu kuonesha tukio lile lile mara ya pili papo hapo. Mtangazaji Lindsey Nelson ikabidi awatulize watazamaji, kwamba jamani, hawajafunga tena, mnaona lile lile. Fikiria hali ya watu sebuleni. Kuanzia hapo nafasi tupu ikapata kazi: unaona tendo, halafu unaelezwa ulichokiona. Mwaka 1998 ukaongezwa mstari wa njano kwenye skrini, unaoonesha mpira unapaswa ufike wapi. Uwanjani haupo, na kila msimu kuna mtoto anayekuja kuniuliza kwa nini tumeufuta.

Vijana wengi wa kihamiaji niliowachezesha hawakuanzia jukwaani wala mezani kwa babu. Walianzia kwenye mchezo wa kompyuta uliopewa jina la kocha John Madden, ulioanza kuuzwa 1988. Waundaji walitaka wachezaji wachache kwa sababu kompyuta za wakati ule hazikuwa na nguvu, Madden akakataa katakata: 11 kwa 11, la sivyo hiyo si futiboli. Kabla ya kila jaribio unasimama na kuchagua mbinu kwenye kitabu cha timu. Yaani yule mzee wa blanketi, kawekwa ndani ya kasha la plastiki. Vijana wanakuja kwenye mazoezi ya kwanza hawajui kufunga kofia, lakini ukuta wa ulinzi wanausoma vizuri kuliko wazazi wa wenzao.

Nikiwa uwanjani, sekunde zangu 40 zina kazi. Nahesabu wachezaji wa upande wangu, wakitimia 11 namnyooshea mwenzangu ngumi, naangalia mnyororo, naangalia saa. Ila masikio yako huru, na nikipangiwa upande wa jukwaa nasikia. Baba anamwambia binti yake kwa nini namba 54 amesogea. Bibi anambishia kocha kutoka safu ya tano. Mchezo ukianza wananyamaza, ukisimama wanaendelea walipoachia.

Mwaka juzi shangazi yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga, akakutana na Siku ya Shukrani. Tuliwasha televisheni, naye akakaa na kanga yake magotini kwa sababu ya ubaridi, akatazama dakika kumi kimya.

"Mwanangu, hawa wamechoka au wanagombana?"

"Hapana shangazi, wanapanga."

"Wanapanga nini mbele ya watu wote hawa?"

Nikamwambia jambo moja. Likafuata jaribio, nikamwambia jingine. Akaguna, akaomba chai. Nikaenda jikoni kuchemsha maji, nikachelewa kidogo kutafuta tangawizi, na kutoka sebuleni nikasikia anamwuliza mwanangu wa miaka minane, kwa ukali kabisa:

"Zimebaki ngapi?"

"Mbili, bibi."

"Basi wakimbie! Wanarusha nini tena?"