Chukua kura pale utakapokuwa Agosti, si pale unapolala leo

Kila nikienda vyuoni kuongea habari za kujiandikisha, swali la kwanza ni lile lile na hua linakuja kabla hata sijamaliza kujitambulisha, "Nichukue kura hapa ama nyumbani?", yaani nijiandikishe kupiga kura wapi. Na mimi hujibu kwa swali, uchaguzi mkuu ni Agosti, wewe Agosti hua uko wapi? Ukumbi unanyamaza kidogo alafu mtu wa nyuma anacheka manake ndio anaanza kuhesabu miezi.

Kwa wasionijua, nimekua karani wa kuandikisha wapiga kura tangu 2012 ile mitambo ya BVR, ya kuandikisha kwa alama za vidole na picha, ilipokuja mara ya kwanza, 2017 na 2022 nikasimamia kituo siku ya kura, na sasa hivi kazi yangu kubwa ni elimu ya mpiga kura huku Pwani ya Kenya. Kwa hivyo haya nimeyaona kwa macho, tena moja nimeliona kwa damu yangu mwenyewe.

Tarehe 9 Agosti 2022, asubuhi mapema, shule ya msingi moja huku Kilifi, foleni imetoka mpaka barabarani. Akaingia binti wa ndugu yangu, kitambulisho mkononi, amejifunga leso vizuri. "Shikamoo amu." Marhaba. Akaweka kidole gumba kwenye KIEMS, ule mtambo wa kumtambua mpiga kura, mtambo ukafikiri, ukafikiri, ukasema hayumo. Karani akampangusa kidole na kitambaa, akaweka kingine, hayumo. Tukaingiza namba ya kitambulisho, hayumo. Nikamuuliza wewe ulichukua kura wapi? "Eldoret, amu. Walikuja pale chuoni, foleni ilikua fupi, tukaenda sote na wenzangu wa rumu."

Eldoret, na sisi tuko Kilifi! Kilomita 800 na ushee. Chuo kiko likizo, hosteli imefungwa, na yeye ni mpiga kura halali kabisa, jina lake limo kwenye daftari, sema tu limo mahali ambapo yeye hayupo. Alitoka akakaa chini ya mwembe akiwashikia mikoba mamake na nyanyake wakiwa ndani wanapiga.

Sasa hilo halikua kosa la mtambo wala la karani. Katiba yetu kifungu cha 83 inasema unajiandikisha kituo kimoja tu, na siku ya kura unapiga hapo hapo ulipojiandikisha, hakuna kupiga kwa barua, hakuna kusema mimi ni mwanafunzi nipigie tu ya rais popote nilipo. Na tarehe ya uchaguzi mkuu haipangwi na mtu, ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hivyo ijayo ni tarehe 10 Agosti 2027 na unaweza kuizungusha kwenye kalenda leo. Ukiangalia kalenda ya vyuo vingi Agosti ni likizo ndefu, na hata chuo ambacho hakina likizo mara nyingi hufungwa siku za uchaguzi watu waende makwao. Lakini karani anapokuja kampasi na mtambo wake anakuja muhula uko katikati, wanafunzi wamejaa, kwa hivyo unaandikishwa pale ambapo mwili wako upo leo na kura inakuja siku ambayo mwili wako haupo. Hapo ndipo watu wanapotegwa na hakuna aliyewatega.

Kuna wanaoamini kwamba kitambulisho kikisema Kwale lazima uchukue kura Kwale. Sio hivyo. Ukiwa ni mara yako ya kwanza unaweza kujiandikisha kituo chochote cha nchi hii, Juja, Njoro, Maseno, popote, kitambulisho hakikuzuii. Ndio maana nasema fikiria kwanza, kwa sababu karani hatakuuliza Agosti utakua wapi. Sio kazi yake.

Ngoja nijipinge mwenyewe kidogo lakini, manake kuna kijana aliniuliza swali pale Mombasa likanikwama. Mnakumbuka 2017, tulipiga kura Agosti 8, Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta ya urais, tukarudi Oktoba 26. Oktoba watu wako wapi? Darasani! Wale waliochukua kura nyumbani wakafanya vizuri Agosti sasa ndio wakawa mbali. Na hata bila kufutwa, rais asipopatikana duru ya kwanza Katiba inataka marudio ndani ya siku 30, yaani Septemba, wakati ambao wengine ndio wanaripoti chuo. Kwa hivyo siwezi kukuapia kwamba nyumbani ni salama mia kwa mia. Ninachosema ni kwamba Agosti ni ya hakika, Oktoba ni ya bahati mbaya, panga kwa ile ya hakika.

Alafu kuna hesabu nyingine ambayo wanafunzi hawaipigi kabisa. Wanaongea rais, rais, kumbe unapewa karatasi sita. Ya rais iko kila kituo, lakini hizo tano nyingine, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na MCA (mwakilishi wa wadi), zinafuata kituo chako. Sasa jiulize basari yako inatoka wapi. Ile ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge, ni ya eneobunge la kwenu, ile ya kaunti inaulizia wadi yenu, na hao ndio unaowapigia magoti kila muhula mpya. Ukichukua kura kampasi unamchagua MCA wa mahali unapopanga chumba miaka minne, na yule wa kwenu anayeshika fomu yako ya basari anachaguliwa na wengine. Kwa upande mwingine mtu akiniambia anaishi mtaa wa nje ya chuo mwaka mzima, anafanya biashara ya mitumba hapo, likizo haendi nyumbani, maji yakikatika ni yake na taa za barabarani zikizima simu inayoporwa ni yake, huyo namwambia chukua hapo hapo bila wasiwasi. Kwake ni pale.

Na chaguzi ndogo ni hivyo hivyo. Novemba 27, 2025 watu wa Magarini, eneobunge la huku Kilifi, walikua wanachagua mbunge, na wanafunzi wa Magarini ambao kura zao ziko bara walikaa wakifuata matokeo kwenye simu kama mtu anafuata mpira.

Sasa kama ulishachukua kura kampasi na umesoma mpaka hapa umeanza kukuna kichwa, dawa iko, inaitwa kuhamisha. USIENDE kujiandikisha upya kama mtu mpya. Hili nalisema kwa herufi kubwa kwa sababu kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na alama za vidole zako zimo tayari. Unakwenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneobunge unalotaka kuhamia, sio lile unalotoka, wewe mwenyewe na kitambulisho chako, unajaza fomu. Hiyo ndiyo inayowakera wanafunzi, wanataka wafanye kwa simu wakiwa hosteli, haiwezekani, kwa hivyo likizo ya Desemba ukiwa nyumbani pita hapo siku moja kabla sherehe hazijakushika. Sheria ya Uchaguzi inasema ombi liwe limefika siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi, ukihesabu kurudi nyuma kutoka Agosti 10 unaangukia Mei 12, 2027. Mei hiyo wewe uko kwenye CAT, yale majaribio ya muhula, na mitihani, na ofisi imejaa kila aliyengoja siku ya mwisho.

Kwa yule ambaye hajaandikishwa kabisa, kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kitambulisho cha asili ama pasipoti ambayo haijaisha muda. Kopi hapana, picha ya kitambulisho kwenye simu hapana, na ile karatasi ya kungojea kitambulisho pia hapana hata ukilia. Karani anajaza taarifa zako, unaweka vidole, unapigwa picha, unachagua kituo. Osha mikono kwanza tafadhali, kuna kijana alitoka moja kwa moja kwenye viazi karai na mtambo ukamkataa vidole mara nne huku foleni nzima inamcheka, ikabidi karani amtafutie sabuni.

Soma kwa sauti jina la kituo kabla hujaondoka. Vituo vina majina yanayofanana, shule ya msingi hii na shule ya upili ile ziko ukuta kwa ukuta lakini ni madaftari tofauti.

Kadi ya kura? Haipo. Tangu BVR ije 2012 hatutoi kadi, unapewa kikaratasi tu cha kuonyesha umeandikishwa, ukikipoteza usilie. Kitakachokufaa siku ya kura ni ile hati uliyojiandikishia, kwa hivyo kama ulitumia pasipoti basi beba pasipoti, nimewaona watu wakirudishwa nyumbani kwa hilo na jua linawaka.

Na wale wa basi. Kila msimu kuna mheshimiwa mtarajiwa anayekuja chuoni na basi na soda, twendeni mkachukue kura kwangu, siku ya kura nitawafuata. Wakati wa kuandikisha basi lina mafuta, siku ya kura dereva hashiki simu, na wewe umebaki mpiga kura wa kijiji usichokijua hata chifu wake. Nimewaandikisha watu wa namna hiyo kwa mkono wangu 2017, walikua wanacheka na kupiga selfi, na kisheria sikua na la kuwafanya manake vitambulisho vyao vilikua sawa.

Mnaosoma Kampala ama Dar, hesabu yenu ni tofauti kidogo. 2022 kulikua na vituo kwenye nchi 12 zikiwemo Uganda na Tanzania, lakini huko unapiga ya rais peke yake, hizo tano nyingine unaziacha. Mbunge wenu atachaguliwa na mamako.

Binti wa ndugu yangu ashahamisha. Alikwenda Desemba, akakuta ofisi imefungwa chakula cha mchana, akangoja kwenye ngazi mpaka saa nane.