Ziara kwenye kriketi maana yake nini hasa

Januari 2021 nilikuwa nauza spea za pikipiki kwenye duka moja karibu na Soko Kuu hapa Arusha, na mzee mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa hapahapa mjini na Kiswahili chake kinatuzidi wengi, alikuwa anaingia kazini macho mekundu kwa kukesha. Timu ya kriketi ya India ilikuwa ziarani Australia. Siku moja chalii wa bodaboda kaja kununua plagi akamuuliza, shikamoo mzee, vipi India, kashinda au kapigwa? Mzee akamwambia marahaba mwanangu, kapigwa mara moja halafu kashinda mara mbili, na safari ni ileile. Chalii akacheka akalipa akaondoka, mimi lile jibu likanikaa kichwani mpaka jioni nikamwomba anieleze vizuri, na toka siku hiyo nafuatilia.

Sasa ziara ni hivi. Timu ya taifa inafunga mizigo inaenda nchi ya watu, inakaa huko wiki kadhaa, saa nyingine miezi miwili na zaidi, inacheza na mwenyeji yuleyule mmoja mechi nyingi mfululizo, leo mji huu, wiki ijayo mji ule. Sisi tumezoea mpira wa miguu, Simba au Yanga akipangwa na Mwarabu anapanda ndege anaenda Cairo au Algiers, dakika 90, anarudi, halafu Mwarabu naye anakuja Dar. Kwenye kriketi hamna marudiano ya wiki ijayo, ukienda umeenda, unamaliza mechi zote kwake, na zamu yake ya kuja kwako inaweza ikachukua miaka.

Kinachowachanganya watu ni kwamba ndani ya ziara moja kuna mashindano mawili au matatu yanayojitegemea, kwa sababu kriketi ya kimataifa ina fomati tatu. Kuna Testi, hiyo ni ya siku tano, nguo nyeupe, mpira mwekundu, kila timu inapata zamu mbili za kupiga, na kwa siku zinapangwa overi 90, overi moja ni mirusho sita. Siku tano zikiisha hamjamalizana inahesabiwa sare, hata kama mmoja alikuwa anamnyanyasa mwenzie. Kuna ODI, ya siku moja, overi 50 kwa kila timu, jezi za rangi na mpira mweupe. Halafu kuna T20, overi 20 kila upande, kama masaa matatu hivi kila kitu kimeisha, hii ndiyo wengi wanaipenda siku hizi. Kila fomati ina mfululizo wake, kombe lake, mshindi wake, na mara nyingi hata wachezaji sio walewale, nahodha pia anaweza akawa mwingine. Kwa hiyo mtu akikuambia fulani kashinda ziara, muulize kashinda fomati ipi, ya overi ngapi.

Ile ziara ya mzee ndiyo mfano mzuri kuliko wote ninaoujua. Ilianza na ODI tatu mwishoni mwa Novemba 2020, Australia akachukua 2-1. Zikaja T20 tatu mwanzoni mwa Desemba, India akachukua 2-1. Halafu zikaja Testi nne, na hapo ndipo pana habari. Ya kwanza Adelaide, India zamu yao ya pili ikaishia kwenye mikimbio 36 (mikimbio ndiyo magoli ya kriketi), yaani thelathini na sita timu nzima, haijawahi kuwatokea kwenye Testi zao zote. Nahodha Virat Kohli akarudi nyumbani maana mkewe alikuwa anakaribia kujifungua, majeruhi wakaanza kupukutika mmoja baada ya mwingine, Ajinkya Rahane akabeba timu, wakashinda Melbourne, wakang'ang'ania sare Sydney, wakaenda Brisbane uwanja wa Gabba ambao Australia hakuwa amepoteza Testi tangu 1988. Tarehe 19 Januari wakafukuzia mikimbio 328 siku ya mwisho, Rishabh Pant akabaki na 89 bila kutolewa, wakashinda. Testi 2-1 India. Ndiyo lile jibu la mzee, kapigwa mara moja, kashinda mara mbili.

Na ziara inakuonyesha watu kwa namna ambayo mechi moja haiwezi. T. Natarajan alipelekwa kule kama mrushaji wa kuwasaidia wenzie mazoezini tu, akaishia kucheza mechi yake ya kwanza ya ODI, ya kwanza ya T20 na ya kwanza ya Testi, zote ndani ya ziara hiyohiyo. Mohammed Siraj alifiwa na baba yake timu ikiwa ndiyo kwanza imefika Australia, wako kwenye karantini ya korona, akachagua kubaki, na pale Gabba kwenye zamu ya pili ya Australia akachukua wiketi tano, yaani aliwatoa wapigaji watano. Mzee alivyokuwa ananisimulia hili la Siraj alinyamaza kidogo, na mimi hadi leo nikilikumbuka naumia, kukosa kumzika mzazi kwa sababu uko ziarani sio kitu kidogo.

Halafu swali la kwa nini kushinda ugenini kunaheshimiwa sana. Jibu ni udongo. Mpira wa kriketi unadunda chini kabla ya kumfikia mpigaji, kwenye kile kipande kigumu cha katikati wanachokiita pichi, urefu kama mita 20, na kipande hicho kinategemea udongo, nyasi, jua na unyevu wa pale. Australia pichi ni ngumu mpira unaruka unakuja kifuani. India pichi inakauka, inapasuka kadiri siku zinavyoenda, mpira ukidunda unakata kona. Uingereza mawingu yakitanda mpira unapinda ukiwa bado hewani. Hata mpira wenyewe sio mmoja, kwenye Testi Australia wanatumia Kookaburra, India wanatumia SG, Uingereza wanatumia Dukes, na kila mmoja una tabia yake. Ni kama umchukue mkulima wa Tengeru umwambie akalime Same kwa kalenda yake ileile ya Tengeru, ufundi anao lakini ardhi haimjui. Ndiyo maana unakuta mpigaji hatari kwao akifika kwa watu mwezi mzima anahangaika, na akizoea tu ziara imeisha.

Zamani walau walipewa muda wa kuzoea. Ziara ya kwanza kabisa ya timu ya kriketi kutoka Uingereza kuvuka bahari ilikuwa 1859, walienda Canada na Marekani kwa meli. Mwaka 1868 timu ya wenyeji asilia wa Australia ilienda Uingereza ikacheza mechi 47, wakashinda 14, wakapoteza 14, zilizobaki sare. Don Bradman na Australia yake ya 1948 walicheza mechi 34 huko Uingereza bila kufungwa hata moja, na nyingi kati ya hizo zilikuwa dhidi ya timu za majimbo, Testi zilikuwa tano tu. Siku hizi ratiba imebana, timu inashuka kwenye ndege, mazoezi siku chache, Testi ya kwanza hiyo. Mimi naona hapa mgeni anaonewa, warudishe mechi za kujiandaa hata mbili, Testi za kwanza zitakuwa na ushindani zaidi.

Kuna sehemu ambapo fomati zote zinajumlishwa kupata mshindi mmoja, mfano ni kriketi ya wanawake, mashindano yanayoitwa Ashes kati ya Uingereza na Australia. Tangu 2013 wanatumia pointi, kwa hesabu ya sasa Testi ina pointi 4, kila ODI 2, kila T20 2. Mwaka 2023 Australia alishinda Testi, Uingereza akashinda T20 2-1 na ODI 2-1, piga hesabu inakuja 8-8, Australia akabaki na kombe kwa sababu ndiye alikuwa nalo. Ziara iliyofuata, mapema 2025 kule Australia, Uingereza akapigwa 16-0, kila mechi. Nahodha wa Uingereza kote huko alikuwa Heather Knight, na watu wa Moshi mmjue huyu dada, maana Septemba 2014 alipanda Kilimanjaro na kundi moja akiwemo Makhaya Ntini wa Afrika Kusini wakacheza kriketi ndani ya kreta kule juu, zaidi ya mita 5,700, kwa ajili ya kuchangisha pesa za misaada. Wapagazi waliobeba mizigo ile wanastahili kombe lao.

Usichanganye ziara na Kombe la Dunia, kule timu nyingi zinakutana sehemu moja. Mwaka 1975 kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanaume kule Uingereza kulikuwa na timu inaitwa Afrika Mashariki, imechanganya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ikacheza mechi tatu ikapoteza zote, hiyo haikuwa ziara kwa maana tunayoongelea. Tanzania Testi hatuchezi, hizo ni za nchi 12 tu. Lakini tangu Januari 2019 mechi ya T20 ya wanaume kati ya wanachama wowote wawili wa ICC, shirikisho la kriketi la dunia, inahesabika ya kimataifa kamili, kwa hiyo timu yetu ikisafiri ikacheza T20 tatu na jirani, hiyo ni ziara halali, ina fomati moja tu basi.

Ukitaka kuanza kufuatilia ukiwa huku, angalia kwanza ziara iko wapi, maana saa zinabadilika kabisa. Testi ya Melbourne ya tarehe 26 Desemba inaanza saa nane na nusu usiku kwetu, Gabba ile ilianza kama saa tisa usiku ikaisha asubuhi duka liko wazi na wateja wamesimama. India wanaanza saa moja asubuhi, Afrika Kusini saa tano, Uingereza saa saba mchana, na hiyo ya Uingereza ndiyo tulikuwa tunaiangalia wote dukani, mzee anaweka simu juu ya kabati la kioo, sauti chini, na mtu akija kuuliza brekipedi anaambiwa subiri overi hii iishe.