Dume ni lipi kwenye MC4? Majina ya konekta, pini na mbano wa waya

Fundi akiniandikia "nahitaji MC4 dume, pisi kumi," huwa namrudishia swali kabla ya kufunga mzigo: dume kwa plastiki au dume kwa chuma? Konekta hii, iliyo mwisho wa nyaya za karibu kila paneli ya sola, inadanganya macho. Upande wenye kava pana la duara unaonekana jike, kumbe ndani yake imesimama pini. Upande mwembamba, wenye vidole viwili vya plastiki vinavyoingia na kujifunga, unaonekana dume, kumbe chuma chake ni tundu. Jinsia ya konekta hufuata chuma kinachopitisha umeme. Yenye pini ni dume, hata kama kava lake ndilo linalomeza mwenzake.

Na ile 4 inawachanganya wengi. Herufi MC zimetoka kwa Multi-Contact, kampuni ya Uswisi ambayo leo iko chini ya Stäubli, na 4 ni kipenyo cha kontakti kwa milimita. Haisemi lolote kuhusu unene wa waya. Zipo MC4 za waya wa 2.5 mm², za 4 mm² na za 6 mm², kwa hiyo saizi ya waya lazima itajwe peke yake.

Neno konekta lenyewe ni pana mno kwa kuagizia. Ukiifungua utakuta kava, kontakti, mpira wa kuzuia maji na nati ya nyuma inayoukaza mpira huo juu ya ganda la waya. Kontakti nayo ina sehemu mbili: mbele ni pini au tundu, nyuma ni pipa, yaani pale nyuzi za shaba zinapoingia na kubanwa. Pipa likiwa bomba kamili tunasema ni la kufungwa. Likiwa na mabawa mawili yanayokunjwa juu ya waya, ni la wazi. Koleo la aina moja halibani nyingine vizuri, kwa sababu meno ya koleo la pipa la wazi yana umbo la kuyaviringisha mabawa yashuke katikati ya nyuzi.

Kwenye terminali za magari, yaani vichwa vya chuma vinavyobanwa mwisho wa waya, utaona mabawa jozi mbili: ya mbele hubana shaba, ya nyuma hukumbatia ganda la waya ili mtikisiko usifike kwenye shaba. Kwenye MC4 kazi ya jozi ya nyuma hufanywa na mpira na nati. Ndiyo maana nati iliyokazwa kwa vidole tu haitoshi. Spana za plastiki za kukazia nati hiyo zina kazi.

Sasa mbano wenyewe, ambao ndio kiini cha habari hii. Ukibana vizuri, nyuzi hupoteza umbo la duara, hujaza kila nafasi ndani ya pipa, na shaba hugusana na ukuta wa pipa kwa nguvu hadi hewa haina pa kupita. Pasipo hewa na unyevu, hakuna kutu ya ndani. Ukikata mbano mzuri kwa msumeno na kuung'arisha, huoni tena nyuzi moja moja, unaona shaba imeshikamana. Koleo la kawaida la kukatia nyaya haliwezi kufanya hivyo. Linabonyeza juu, ndani kunabaki mapengo. Ukivuta waya unashika, unaridhika, na tatizo linakuja miezi kadhaa baadaye.

Tatizo hilo linahesabika. Kontakti nzuri ya MC4 ina ukinzani (kiasi inavyozuia umeme kupita) usiozidi miliomu 0.35, yaani omu 0.00035. Ukipitisha ampea 10, joto linalotoka ni wati 0.035, yaani hakuna kitu. Mbano mbovu ukipandisha ukinzani hadi omu 0.1, ampea zilezile 10 zinatoa wati 10, ndani ya kipande cha plastiki kisichozidi kidole, juu ya paa la moto. Hapo ndipo konekta zinapoyeyuka.

Wapo wanaojaza risasi ya kulehemu kwenye pipa wakidhani wanaongeza uimara. Naomba tuache. Risasi hupanda kati ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu kama kijiti, na mwisho wa ugumu huo ndipo waya unapokatika ukitikiswa na upepo. Kiwango cha kazi ya nyaya cha NASA, shirika la anga la Marekani, kinakataza kabisa kubana nyuzi zilizokwisha kulehemewa pamoja. Tofautisha hili na waya wa sola ambao kila uzi umepakwa bati kiwandani: huo ni salama kubana, kwa sababu nyuzi bado zinateleza kila moja kivyake.

Skrubu za chaji kontrola, kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, zinahitaji feruli, kile kibomba chembamba kinachokusanya nyuzi zisitawanyike. Usichague feruli kwa rangi. Kwa mpangilio wa DIN wa Ujerumani, 2.5 mm² ni bluu na 4 mm² ni kijivu. Kwa mpangilio wa Kifaransa, kijivu ni 2.5 mm² na 4 mm² ni rangi ya chungwa. Terminali za pete zenye plastiki zina rangi zao tena: nyekundu kwa 0.5 hadi 1.5 mm², bluu hadi 2.5, njano kwa 4 hadi 6. Soma namba kwenye pakiti.

Lagi za betri, yaani terminali nene za nyaya za betri, ni rahisi zaidi kusoma. Iliyogongwa 25-8 ni ya waya wa 25 mm² na boliti ya M8. Ina kitundu kidogo ubavuni: chungulia, kama huoni shaba, waya haujafika mwisho. Lagi iliyobanwa kwa nyundo ikatwe, irudiwe kwa koleo la pembe sita.

Nirudi kwenye MC4 kwa jambo ambalo jina lake linaficha. Madukani utakuta konekta zilizoandikwa kwamba zinaendana na MC4. Zinaingiliana, zinalia "tak", lakini vipimo vya chuma na mipako yake hutofautiana kidogo kati ya watengenezaji. Kiwango cha kimataifa cha mifumo ya sola, IEC 62548, kinataka pea iwe ya aina moja na mtengenezaji mmoja. Kama paneli imekuja na konekta usizoweza kupata pea zake, muulize kwanza muuzaji kuhusu waranti, kisha kata na ufunge pea kamili kwa mkono wako. Kabla ya kuchomoa yoyote, zima mzigo wa umeme ili mkondo usipite: umeme wa DC ukikatwa ukiwa unapita huacha cheche ndefu, nayo huchoma pini na tundu kwa pamoja.