Ndui Haijarudi: Ufafanuzi Kuhusu Virusi vya Variola Major

Tangu mpox ilipothibitishwa nchini Tanzania mwezi Machi 2025, tumekuwa tukiulizwa kama ndui imerudi na inafichwa. Jina la zamani la mpox, "ndui ya nyani", limechangia sana mkanganyiko huo. Virusi vya magonjwa haya mawili ni vya ukoo mmoja, lakini mpox haigeuki kuwa ndui, hata picha za simu zikisambazwa mara ngapi.

Virusi vya variola major, vilivyosababisha ndui kali na kuua takriban watu 3 kati ya kila 10 waliougua, vilimwambukiza mtu kwa njia ya asili mara ya mwisho mwaka 1975, nchini Bangladesh. Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, mgonjwa wa mwisho wa ndui ya asili, aliyeugua mwaka 1977, alikuwa na variola minor, aina hafifu iliyoua takriban mtu 1 kati ya 100. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kutokomezwa kwa ndui Mei 1980.

Leo ni maabara mbili tu zinazoruhusiwa kuhifadhi virusi vya ndui: moja Atlanta, Marekani, na nyingine Koltsovo, Urusi. Maabara nyingine yoyote hairuhusiwi kumiliki zaidi ya asilimia 20 ya jenomu yake, yaani jumla ya jeni zake, wala kupandikiza jeni zake katika virusi vingine vya ukoo huo. Mwaka 2014 vichupa 6 vya virusi vya ndui vya miaka ya 1950 vilikutwa vimesahauliwa Bethesda, Marekani. Mtumishi wa maabara akikuta kichupa cha namna hiyo asikifungue, asikihamishe kimyakimya wala asikitupe, bali atoe taarifa mara moja. Aidha, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, mgonjwa mmoja tu wa ndui huilazimu nchi kuliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya tathmini, iwe usiku au sikukuu. Ni vigumu kuelewa ugonjwa wa namna hiyo ungefichwaje.

Tunaomba pia ieleweke kwamba kovu la mkononi walilonalo waliozaliwa baada ya chanjo ya ndui kusitishwa ni la BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na halikingi dhidi ya mpox. Mwenye homa na vipele aende kituo cha afya bila kuvitumbua, kwa kuwa sampuli huchukuliwa kutoka kwenye vipele hivyohivyo.